Kabla ya Kuwekwa Geti

Wasikilizaji wapendwa wa Haltom City, Fort Worth, Arlington na Dallas, nanyi wa Houston mnaotufuatilia kwa simu huku chungu kikiwa motoni, leo naanza kwa kuuliza.   

 Wewe uliyezaliwa Rutshuru au Kibumba, wewe wa Mugumu kule Serengeti, wewe uliyekulia Ongata Rongai: kwenu kulikuwa jirani na hifadhi ya taifa, sivyo? Uliiona kila siku ya Mungu. Sasa niambie, uliwahi kuingia humo kama mgeni? Ukalipa kiingilio, ukakaa kwenye gari, ukaonyeshwa wanyama? Nadhani jibu la wengi wenu nalijua. Mliingia kutafuta kuni, au hamkuingia kabisa kwa kuwaogopa askari. Na wapo miongoni mwenu waliopita humo usiku wakikimbia, watoto mgongoni, wasiwe na nafasi ya kutazama mnyama yeyote.

Halafu tukafika huku. Mtoto anarudi kutoka shule na kitabu chenye picha ya Yellowstone, anakwambia, "Mama, mwalimu amesema hifadhi hizi ni zetu sote." Zetu? Tangu lini?

Hiyo ndiyo mada yetu ya jioni hii: hifadhi za taifa zilianzaje, na zina maana gani kwa watu kama sisi. Nitawapeleka kwanza Yellowstone, kisha tutavuka bahari mpaka Virunga na Serengeti, halafu tutarudi hapa Texas, ambako mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Na kila tutakapofika nitauliza maswali mawili, yaleyale. Nani aliamua? Na waliokuwa wakiishi hapo walikwenda wapi? Yashikeni hayo mawili, tutayarudia.

Haya, Yellowstone. Iko mbali nasi, kaskazini, sehemu kubwa ikiwa katika jimbo la Wyoming. Ni nchi ya maajabu: maji yanachemka ardhini na kuruka juu, mvuke unafuka mchana kutwa. Tarehe 1 Machi 1872, Rais Ulysses Grant alitia sahihi sheria ya kuitenga, na inahesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Kwa miaka mingi Wamarekani walisimuliwa kwamba wazo lilizaliwa usiku mmoja wa mwaka 1870. Wasafiri walikuwa wakiota moto porini, mmoja akasema ardhi hii tusijigawie, tuiachie taifa zima. Hadithi tamu sana. Wanahistoria wameichunguza na kuitilia shaka.

Lisilo na shaka ni hili: kampuni ya reli ya Northern Pacific ilikuwa inatafuta abiria. Tajiri aliyekuwa akiigharimia, Jay Cooke, aliona kwamba mahali pa maajabu mwishoni mwa safari patauza tiketi. Msafara wa serikali ulipokwenda kuichunguza nchi ile mwaka 1871, alisaidia mchoraji Thomas Moran apate nafasi ndani yake. Mpiga picha William Henry Jackson naye alikuwamo. Picha zao zikapelekwa Washington, wabunge ambao hawakuwahi kukanyaga huko wakazitazama, wakapitisha sheria. Simlaumu sana mtu wa reli. Mambo mengi mema duniani yameanza kwa mtu kutafuta faida yake. Nawaambia tu ili tujue kwamba tangu siku ya kwanza hifadhi ilikuwa shauri la watu, la ardhi na la fedha.

Sasa swali la pili. Waliokuwapo walikwenda wapi? Maana watu walikuwapo. Kulikuwa na Washoshone wa milimani waliowinda kondoo mwitu, na kulikuwa na Wacrow, Wabannock na wengine waliopita humo kwa misimu kwa karne nyingi. Wengine walishabanwa kwenye maeneo waliyotengewa na serikali, na waliobaki wakaondolewa. Msimamizi mmoja wa mwanzo, Philetus Norris, akaeneza habari kwamba Wenyeji wa Marekani waliyaogopa maji yale ya moto, kwa hiyo hawakuwa na haja na mahali pale. Mmesikia? Mtu anafukuzwa kwake, halafu watalii wanaambiwa kwamba aliondoka mwenyewe kwa hofu.

Na hapa kuna kisa ambacho sisi hapa tutakielewa upesi kuliko wengi. Mwaka 1877, hifadhi ikiwa na miaka 5 tu, Wanez Perce walikuwa wanakimbizwa na jeshi la Marekani. Watu mamia, wakiwa na wazee, watoto na farasi wao. Njia yao ilipita katikati ya Yellowstone, na humo wakakutana na watalii waliokuja kustarehe. Wengine walikuwa mapumzikoni, wengine walikuwa wakimbizi, bonde ni lile lile. Watalii kadhaa walikamatwa, wengine wakajeruhiwa na kuuawa. Baadaye hifadhi ikakabidhiwa jeshi, kuanzia 1886 mpaka 1918, miaka miwili baada ya kuundwa Idara ya Hifadhi za Taifa, askari walipoondoka kabisa.

Nilitaka kuvuka bahari sasa, lakini kuna mtu nisingependa tumpite. Anaitwa Charles Young. Alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, akasoma chuo cha kijeshi cha West Point, akawa kapteni. Mwaka 1903 aliwekwa kuwa msimamizi wa hifadhi ya Sequoia, California, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushika kazi hiyo katika hifadhi ya taifa. Yeye na askari wake weusi walikamilisha barabara ya magari ya farasi ya kufika kwenye misitu ya miti mikubwa kuliko yote duniani. Kwa hiyo kijana wa Haltom City mwenye ngozi kama yetu akiambiwa kwamba milima na mahema ni mambo ya Wazungu, amtaje Kapteni Young.

Sasa tuvuke bahari.

Mwaka 1919 mfalme wa Ubelgiji, Albert wa Kwanza, alizuru Marekani na kuonyeshwa hifadhi za huku. Miaka miwili baadaye Mmarekani mmoja, Carl Akeley, alikwenda kwenye milima ya Virunga. Kazi yake ilikuwa kuua wanyama na kuwakausha kwa ajili ya makumbusho ya New York. Aliua sokwe wa milimani, wale ambao sasa tunawaita gorila. Alipowatazama kwa karibu, moyo ukamgeuka. Akarudi akiwa mtetezi wao, akaanza kuwasihi wakubwa wa Ubelgiji wawalinde. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme akatoa amri, ikazaliwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, na inatajwa kuwa ya kwanza barani Afrika. Akeley alirudi huko mwaka 1926, akaugua, akafia kwenye mlima Mikeno, na akazikwa pale pale.

Nani aliamua? Mfalme aliyekaa Brussels. Wakulima wa Rutshuru hawakupiga kura, wala wafugaji, wala wavuvi wa Ziwa Edward, wala Batwa wa misituni. Mipaka ikapanuliwa miaka iliyofuata na watu wakahamishwa. Vijiji vichache vya wavuvi, kama Vitshumbi, vikaruhusiwa kubaki ndani kwa masharti. Wazee waliwasimulia watoto wao mahali yalipokuwa mashamba, na watoto wakawasimulia wajukuu. Hata leo, ukikaa na mzee wa kutoka upande ule hapa Fort Worth, ukimuuliza kuhusu hifadhi, hataanza na gorila. Ataanza na shamba la babu.

Lakini nami nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Bila amri ile, gorila wa milimani huenda wasingekuwapo. Walipungua mpaka ikahofiwa kwamba watatoweka kabisa, na leo, kwa kuwajumlisha wa Kongo, Rwanda na Uganda, wamepita 1,000. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1994, kambi za wakimbizi zilipojaa kando ya Goma, msitu ulikatwa kwa kuni za kupikia, na nani angemlaumu mama anayetafuta kuni za kuchemshia watoto maharage? Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Zikafuata vita juu ya vita, na biashara ya mkaa inayowanufaisha wenye bunduki. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda katika miongo hii. Tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa askari 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia. Na hao askari, wasikilizaji, wengi ni wana wa vijiji vilevile. Shamba la babu liko ndani ya mpaka, na mjukuu ndiye amevaa sare. Kwa hiyo anayetaka nimwambie kwa neno moja kama Virunga ni nzuri au mbaya, sina neno hilo. Siasa ya vita ya leo siigusi, humu studio tumekubaliana kwamba kipindi hiki kinakaliwa na watu wa pande zote.

Tanzania je? Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, bado chini ya Mwingereza. Mwaka 1958 wazee wachache wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye karatasi ya kukubali kuhama, na mwaka 1959 wafugaji wakatoka, wakaambiwa Ngorongoro itakuwa yao pamoja na wanyama. Walikubali kwa kuelewa nini hasa? Ubishi huo haujakwisha. Tanganyika ilipokaribia uhuru, Septemba 1961, Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwamba nchi itawatunza kama amana ya watoto wetu na dunia. Ahadi ilitimizwa kwa kiasi kikubwa, hifadhi zikaongezeka. Na bado mwaka 2022 tuliona Loliondo, jirani na Serengeti, mawe ya mipaka yakisimikwa na watu wakivuka mpaka kwenda Kenya wakiwa na majeraha. Nyerere alikuwa mtu wetu, serikali ni yetu, lakini maswali yangu mawili hayakufutwa na uhuru.

Hata Kahuzi-Biega, kule Kivu Kusini, ilianzishwa mwaka 1970, Kongo ikiwa huru, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakatolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine. Miaka nenda rudi waliishi pembezoni mwa msitu wao. Walipeleka shauri lao mpaka kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Tume ikawapa haki: ikasema kufukuzwa kwao kulivunja haki zao. Uamuzi ulitangazwa mwaka 2024. Utekelezaji ni hadithi nyingine, ila kwa kumbukumbu zetu, neno lilikwisha kuandikwa.

Sasa turudi nyumbani. Naam, nimesema nyumbani, maana kodi ya nyumba tunalipa hapa.

Texas ni tofauti, na tofauti yake inatoka kwenye jambo moja la kihistoria. Ilipojiunga na Marekani mwaka 1845, ilikuwa nchi inayojitawala, na katika mapatano ilibaki na ardhi yake ya umma. Katika majimbo mengi ya magharibi serikali ya Washington ilikuwa na ardhi mkononi, kwa hiyo rais au Bunge liliweza kutenga eneo kubwa kwa sahihi tu. Hapa haikuwezekana. Hapa, ukitaka hifadhi ya taifa, lazima ardhi inunuliwe au atokee wa kuitoa bure. Nairudia, kwa sababu ni muhimu: Texas, hifadhi lazima inunuliwe au itolewe.

Chukueni Big Bend, kule kusini-magharibi, mto Rio Grande unapopinda. Ni safari ya siku nzima kwa gari kutoka hapa. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilikubali pawe hifadhi, lakini kwa sharti kwamba Texas yenyewe ilete ardhi. Kukaanza miaka ya kuchangishana na kubembelezana. Mwaka 1941 wabunge wa Texas wakatenga dola milioni 1.5, mawakala wakaenda kwa wenye mashamba ya ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kipande kwa kipande. Hati ya ardhi hiyo ilikabidhiwa kwa Rais Franklin Roosevelt tarehe 6 Juni 1944, siku ileile majeshi yalipotua Normandy. Na aliyeikabidhi ni nani? Amon Carter, mwenye gazeti la Star-Telegram la hapa Fort Worth. Ndiyo, yuleyule ambaye makumbusho ya sanaa ya mjini yana jina lake, na shule ya sekondari ya Riverside, hapo jirani kabisa na Haltom City, ambako watoto wa baadhi yenu wanasoma. Siku chache baadaye hifadhi ikaanzishwa rasmi.

Nani aliamua? Wabunge wa Texas, wenye magazeti, wafanyabiashara. Waliokuwapo walikwenda wapi? Walilipwa, wakaondoka. Unaweza kusema: tazama, hii ndiyo njia ya haki! Wangefanya hivi Rutshuru, wangefanya hivi Serengeti!

Nami nilivutwa na wazo hilo, lakini tulichimbe kidogo. Si wote waliouza kwa hiari, wapo waliosukumwa. Na zaidi ya hapo, aliyelipwa ni nani? Ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye hati, ofisini. Kabla ya wenye mashamba walikuwapo Waapache wa Mescalero katika milima ya Chisos, na Wakomanchi walipita humo na farasi zao wakielekea Meksiko. Hao walikwisha kufukuzwa na jeshi miaka mingi kabla. Hawakuwa na hati, kwa hiyo wakala wa serikali hakubisha hodi kwao. Fedha zilimfikia wa mwisho kwenye foleni. Ndiyo hali ya Batwa. Mtu anaweza kuishi mahali miaka elfu, akajua kila mti na kila chemchemi, na siku ya kulipana akaonekana hayupo, kwa kuwa karatasi haimtaji.

Na karatasi haina huruma hata kwa serikali. Mnakumbuka Fairfield Lake? Wale mnaopenda kuvua samaki mnapakumbuka. Ilikuwa hifadhi ya jimbo, si ya taifa, kama saa mbili kusini ya hapa, ziwa zuri, watu wakipiga kambi na watoto. Kwa miaka karibu 50 watu waliijua kuwa ya umma. Kumbe ardhi haikuwa ya Texas. Ilikuwa ya kampuni ya umeme, na jimbo lilikuwa limeikodi. Kampuni ikaamua kuuza, mnunuzi akawa kampuni ya ujenzi ya Dallas, na mwezi Juni 2023 geti likafungwa. Serikali ya Texas, pamoja na ukubwa wake wote, ikawa kama mpangaji aliyepewa notisi. Ilijaribu kutumia nguvu ya sheria kuitwaa ardhi ile, mwisho ikaacha.

Novemba ya mwaka huohuo wapiga kura wa Texas wakaulizwa: tutenge dola bilioni moja za kununulia ardhi ya hifadhi mpya? Wakajibu ndiyo, kwa wingi mkubwa. Jiwekeeni hilo akilini. Nani aliamua safari hii? Watu wenye kadi za kupigia kura, mtu aliyetoka kazini akapanga mstari shuleni au kanisani akaweka alama. Wengi wenu mmekwisha kuapa uraia, na kura ya namna hiyo itakuja tena.

Nasikia mtu ananijibu huko redioni kwake. "Ndugu mtangazaji, mimi nafanya kazi ghala usiku, Jumamosi ni ovataimu, bili zinanisubiri mezani. Hifadhi itanisaidia nini?" Nakuelewa, dada. Nakuelewa, kaka. Sikuambii uendeshe gari saa kumi kwenda kutazama majabali. Lakini hapa hapa Haltom City kuna vijito viwili, Big Fossil na Little Fossil, na mawe yake yana makombe ya bahari iliyokuwa hapa zamani za zamani, kabla ya mtu yeyote kuwapo. Mtoto anaweza kuyaona bila kulipa senti. Na ukipata nusu siku, kuna Fort Worth Nature Center kule Lake Worth, kiingilio chake ni kidogo, na humo wapo nyati wa Marekani, baisani.

Baisani hao wana hadithi yao, nayo inatuunganisha na Yellowstone kwa namna ambayo huenda hamkuitarajia. Katika miaka ya 1870 wawindaji walimaliza makundi ya nyati katika tambarare za Texas kwa ajili ya ngozi. Waliwaua kwa mamilioni, wakaacha mizoga ioze. Watu walioishi kwa nyati, Wakomanchi na Wakiowa, wakaishiwa chakula, na huo ulikuwa mwisho wa uhuru wao. Juu kaskazini, karibu na korongo la Palo Duro, aliishi mwanamke mmoja mwenye ranchi, Mary Ann Goodnight. Aliwahurumia ndama wachache waliobaki, akamsihi mumewe Charles awakamate wakiwa hai wafugwe. Kundi dogo likakua. Mwaka 1902 Yellowstone yenyewe, hifadhi ile kubwa yenye jeshi zima la ulinzi, ilibakiwa na nyati wapatao dazeni mbili tu kwa sababu ya majangili. Ikabidi iagize wengine, na madume 3 yakatoka kwenye kundi la Goodnight, Texas. Wazao wa kundi hilo wapo mpaka leo kwenye hifadhi ya jimbo ya Caprock Canyons.

Mimi napenda kisa hiki kuliko kile cha wasafiri na moto wao wa usiku. Hakina rais wala mfalme. Kina mwanamke jikoni kwake aliyesema hapana, hawa wasiishe wote. Hata hivyo tusimpake mafuta kupita kiasi: ranchi ya mumewe ilikaa kwenye nchi iliyochukuliwa kwa Wakomanchi miaka miwili mitatu kabla. Mkono huohuo wa historia uliwaondoa watu na kuwaokoa ndama. Mtakapowatazama baisani wa Fort Worth, mtawatazama mkijua hayo yote, na watoto wenu wakiwauliza maswali, mtakuwa na cha kujibu zaidi ya kilichoandikwa kwenye kibao.

Wazee, nina ombi kwenu pia. Watoto wetu watafundishwa shuleni habari za Yellowstone na Big Bend, hilo halina wasiwasi. Habari za Virunga na Serengeti kwa upande wa waliokaa nje ya mpaka hazimo kwenye vitabu vyao. Zimo kwenu. Njia ya kwenda shambani ilipita wapi, mlima uliitwaje kabla haujapewa jina la mtu, siku gani mlikatazwa kupita. Mjukuu akija na simu yake, msimfukuze. Mwambieni awarekodi.

Muda umetukimbia. Kabla sijaondoka nina tangazo dogo, lenye faida. Nyumba yenye mtoto wa darasa la nne mwaka huu, serikali ya Marekani inampa mtoto huyo kibali cha bure cha kuingia hifadhi zote za taifa zinazotoza kiingilio, yeye pamoja na familia iliyomo kwenye gari lake. Programu hiyo inaitwa Every Kid Outdoors, na mtoto anajaza mwenyewe maswali machache mtandaoni. Kibali kinaanza Septemba mosi na kwisha Agosti 31, kwa hiyo aliye darasa la nne sasa asisubiri mpaka afike la tano. Asiyejua kukijaza, aulize maktaba ya mji iliyo karibu naye, watamsaidia.

 Usiku mwema, na wanaoingia kazini sasa hivi, barabara iwe njema.